Koti la Mvua Likiharibika Kabla ya Wakati: Jinsi ya Kudai Waranti Ukiwa Kigoma

Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea mpaka Mei. Kila msimu wapo wanaogundua, wakiwa katikati ya ziwa au kwenye mteremko wa msituni, kwamba koti walilolinunua kwa pesa nyingi limeshaanza kuvuja. Waongoza watalii wa Gombe na Mahale, askari wa hifadhi, wasaidizi wa watafiti, manahodha wa boti za Kibirizi, waendesha bodaboda wa Mwanga na Ujiji: hawa hununua makoti, suruali za porini na buti kwa ajili ya kazi. Kitu cha kudumu miaka kikifa ndani ya msimu mmoja, pesa iliyopotea ni ya chakula na ada. Wengi hukitupa au kukipeleka kwa fundi bila kujua kwamba walikuwa na haki ya kudai. Wengine hudai wakakataliwa, kwa sababu walieleza vibaya.

Dai linalosikilizwa ni lile linalotaja kasoro kwa jina lake. Ukiandika "koti lenu bovu", atakayesoma hana pa kuanzia. Ukiandika "utepe wa mshono wa bega la kulia umebanduka sentimita 8, miezi saba baada ya kununua", umeshamwambia kilichoharibika, kilipo na kwamba ni mapema mno. (Utepe wa mshono ni ule uliobandikwa kwa ndani juu ya mishono ili kuzuia maji.) Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote hapa chini ni ya kulipima koti lenyewe.

Siku ya kununua

Risiti ya EFD ipige picha kabla hujatoka dukani. Karatasi yake huchapwa kwa joto, na ikikaa kwenye waleti au juani maandishi hufifia mpaka inabaki nyeupe. Picha ionyeshe jina la duka, tarehe, bei na msimbo wa QR, maana kwa msimbo huo risiti inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TRA. Kisha piga picha lebo ya ndani, ile ndogo yenye namba ya toleo, ambayo mara nyingi hushonwa ubavuni au ndani ya mfuko. Kampuni za nguo za porini hutambua mzigo uliotoka kiwandani kwa namba hiyo, na wino wake huisha kwa kufuliwa.

Mweleze muuzaji kazi utakayoifanya, na ikiwezekana kwa maandishi. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kusudi alilojulishwa na mnunuzi, pale mnunuzi anapotegemea ujuzi wake. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: "Kaka, nataka koti la kutembelea msituni kwenye mvua ya kutwa nzima, hili litafaa?" Akijibu kwamba litafaa, usifute mazungumzo hayo. Kagua pia kwa macho yako: vuta zipu juu na chini mara kadhaa, geuza koti ndani nje uangalie mishono yote. Kasoro iliyokuwa wazi ulipokagua ukanunua hivyo hivyo ni ngumu kuidai baadaye.

Usitishwe na bango la "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Linaweza kukuzuia kurudisha koti kwa sababu umebadili mawazo kuhusu rangi. Halimwondolei muuzaji wajibu wa kukuuzia kitu kizima.

Jua unamdai nani

Kama umenunua dukani hapa nchini, anza na muuzaji. Yeye ndiye aliyepokea pesa yako, na yeye ndiye mwenye njia ya kumrudia msambazaji wake.

Kama koti ulipewa na mgeni, jambo la kawaida sana kwa waongozaji wa Gombe na Mahale, mnunuzi kisheria ni yule mgeni. Mwandikie kwa heshima umwombe akutumie nakala ya risiti, au bora zaidi, adai yeye mwenyewe kwenye duka alikonunua. Sheria za kwao zina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Uingereza, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa pesa yote. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zina dhamana ya kisheria ya angalau miaka 2 dhidi ya muuzaji, na katika mwaka wa kwanza mzigo wa kuthibitisha uko kwa muuzaji. Haki hizi zipo hata kama kampuni yenyewe haikuandika waranti yoyote. Mgeni wako anaweza asizijue, kwa hiyo zitaje kwenye barua.

Koti la mitumba lina njia nyembamba zaidi. Waranti nyingi humfuata mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, na belo haliji na risiti ya mtu. Hata hivyo kampuni chache huangalia zaidi bidhaa. Patagonia, kwa mfano, imeahidi kwa miaka mingi kutengeneza, kubadilisha au kurudisha pesa kwa bidhaa isiyoridhisha, na uchakavu wa kawaida huutengeneza kwa malipo ya wastani. Kuuliza kwa barua pepe ni bando tu. Ila hakikisha kwanza kwamba koti ni halisi. Nembo maarufu hushonwa juu ya makoti mengi ambayo kampuni hizo hazikuyatengeneza, na picha ya lebo huwatosha kuligundua. Ukiuziwa bandia kama halisi, hilo ni shauri la muuzaji wako na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo inashughulikia pia bidhaa bandia.

Sare ulizopewa na mwajiri ni zake kudai. Mpelekee mtunza stoo picha na maelezo, naye aunganishe yote. Makoti kadhaa ya mzigo mmoja yakibanduka mahali pamoja ni ushahidi mzito kuliko koti moja.

Soma pia masharti yaliyopo leo kwenye tovuti ya kampuni, usitegemee ya kusimuliwa. L.L.Bean ya Marekani ilikuwa ikipokea bidhaa zirudishwe bila kikomo cha muda. Februari 2018 ilibadilisha ikaweka mwaka 1 na uthibitisho wa ununuzi, lakini mpaka sasa wapo wanaosimulia sharti la zamani. Na ile waranti inayoitwa ya maisha huhesabiwa kwa muda ambao bidhaa ya aina hiyo hutarajiwa kutumika, siyo umri wa aliyeinunua.

Pima: ni kasoro au ni matumizi?

Kabla ya kupima, lifue. Jasho, mafuta ya mwili na moshi wa kuni hufanya koti zima lionekane bovu. Tumia sabuni laini ya maji, usitie kilainishi cha nguo, suuza mara mbili, anika kivulini. Kampuni nyingi hukataa kabisa kupokea nguo chafu, kwa hiyo kazi hii ungeifanya tu.

Anza na kipimo cha nje. Nyunyiza maji begani. Yakikaa kama matone na kuteleza, kinga ya juu, ile dawa ya kufukuza maji iliyopakwa kwenye kitambaa, bado ipo. Yakinywewa, kitambaa kikawa cheusi na kizito, kinga hiyo imefifia. Hapa ndipo madai mengi hufa, maana kufifia kwa kinga ya juu huhesabiwa kuwa matunzo na hakuingii kwenye waranti. Irudishe kwa joto: koti likiwa safi na kavu, lipige pasi ya umeme kwa moto mdogo kabisa, bila mvuke, ukiweka kitambaa cha pamba katikati, endapo lebo inaruhusu pasi. Pasi ya mkaa usiikaribishe, moto wake hauna kipimo na utaunguza utando, lile tabaka jembamba la ndani linalozuia maji. Joto lisiposaidia, kuna dawa za kupulizia zinazorudisha kinga.

Kipimo cha pili ndicho chenye uzito. Geuza koti ndani nje, tandaza sehemu unayoishuku juu ya beseni ukiitengeneza kishimo, mimina kikombe cha maji, subiri kama dakika kumi. Kisha pitisha mkono kwa chini. Maji yakiwa yamepita, utando au utepe wa mshono umeshindwa kazi yake. Chukua video ya kipimo hicho mwanzo hadi mwisho bila kukata. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo.

Usichanganye kuvuja na jasho. Koti la utando hutoa mvuke nje pale ambapo ndani kuna joto na unyevu kuliko nje. Kwenye mabonde ya Gombe, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu na njia ni ya kupanda, mvuke hauna pa kwenda, unageuka maji ndani ya koti. Jasho hulowesha mgongo wote na kwapa. Kuvuja huacha alama mahali fulani: mstari wa bega, shingoni, kando ya zipu.

Sasa angalia kasoro zenyewe.

Utepe wa mishono ukinyanyuka ncha au kubanduka mstari mzima bila kitambaa kuchanika, gundi imeshindwa. Hilo ni dai zuri, hasa ndani ya miaka miwili ya mwanzo.

Utando wa ndani ukitoa vipele kama malengelenge, au ukichubuka vipande vipande, tabaka zimeachana. Dai. Ila makoti ya bei nafuu yenye mpako wa poliurethani (aina ya plastiki) yana ugonjwa wake: unyevu na joto huvunjavunja mpako polepole mpaka unakuwa wa kunata na kutoa harufu kali. Koti likiwa la miaka mingi, kampuni itasema limefika mwisho wake, na mara nyingi itakuwa sahihi. Likiwa la mwaka mmoja, usikubali jibu hilo.

Mshono uliofumuka, uzi umekatika lakini kitambaa ni kizima, ni kasoro ya ushonaji. Kitambaa kilichochanwa na mwiba ni matumizi, na kila anayepokea madai anajua mchano wa mwiba unavyofanana. Magoti yaliyosuguliwa hadi kupenya, mikono iliyochakaa, rangi iliyopauka kwa jua: hayo pia ni uchakavu.

Zipu ina njia mbili. Utepe wake ukiachia kwenye koti, ni ushonaji mbovu. Meno yakifunguka nyuma ya kichwa cha zipu, mara nyingi kichwa kimelegea kwa mchanga na matumizi, na fundi hukibadilisha kwa muda mfupi. Kwa hilo usisafirishe koti kwenda Ulaya.

Kwenye buti, soli ikitengana nzima nzima huku mpira wake bado una meno, gundi imeshindwa. Soli iliyolika ni kilomita ulizotembea. Kuna jambo la tatu ambalo huwashangaza watu: buti zilizowekwa kabatini miaka, hazijavaliwa, zinapasuka soli ya kati na kumomonyoka siku ya kwanza ya safari. Ni poliurethani ile ile, inaharibika kwa unyevu hata bila kutembelewa. Kwa hiyo ukinunua buti "mpya" zilizokaa sana stoo, tafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi iko kwenye lebo ya ulimi.

Mwisho, jiulize kuhusu dawa ya mbu. Dawa zenye DEET huyeyusha plastiki na baadhi ya nyuzi na mipako, na doa lake huonekana shingoni na kwenye mikono. Petroli ya boti nayo hulegeza gundi. Kama hayo yamelipata koti lako, sema ukweli. Kuficha huonekana, na huharibu hata sehemu ya dai iliyokuwa halali. Kuanzia sasa pakaa dawa, iache ikauke ndiyo uvae, au tumia yenye ikaridini, ambayo haidhuru plastiki.

Usishone kwanza

Najua koti linahitajika kesho asubuhi. Lakini likishapita chini ya cherehani au kupakwa gundi ya haraka, kampuni itasema kasoro imefanywa na fundi. Ukilazimika, funika mahali hapo kwa utepe wa kubandua usioacha gundi, ukiwa umeshapiga picha.

Andika dai

Picha nne zinatosha: koti zima mbele, kasoro kwa karibu ikiwa na rula au sarafu kando yake, lebo ya namba ya toleo, na risiti. Piga mchana kivulini, flashi hufuta vipele vya utando. Ongeza ile video ya beseni.

Kwa muuzaji wa hapa nchini, ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi, kaka. Mimi ni mteja wako, nilinunua koti la mvua dukani kwako tarehe 12 Novemba, risiti nimeambatisha. Nilikueleza kwamba ni la kazi ya msituni. Baada ya miezi minne, utepe wa mshono wa bega la kulia umebanduka na maji yanapita, video nimekutumia. Koti nimelifua kwa kufuata lebo na halijashonwa popote. Naomba unibadilishie au unirudishie pesa yangu. Naomba jibu kabla ya Ijumaa ijayo. Asante."

Hauna tusi wala hadithi ndefu, una ombi moja na siku ya kujibu. Ukienda dukani mwenyewe, ingia kwa salamu kamili, ulizia biashara, ndipo utoe koti. Mzee wa duka pale Ujiji akiamkiwa shikamoo na kuonyeshwa kipimo cha maji mbele ya macho yake hujibu tofauti na yule aliyepigiwa kelele mbele ya wateja.

Kwa kampuni ya nje, tumia fomu ya madai iliyo kwenye tovuti yao, andika Kiingereza cha sentensi fupi, na uliza mambo haya kabla hujatuma chochote: je, wanaweza kuamua kwa picha pekee? Nani analipa usafiri wa kwenda na wa kurudi? Wakikubali, watatengeneza, watabadilisha, au watatoa salio la duka (pesa ya kununulia kwao tu)? Swali la salio lina uzito kwetu. Salio la duka lisilotuma mzigo Tanzania halikusaidii, labda uwe na rafiki kule wa kulitumia kwa niaba yako. Mwisho uliza: wakikataa, koti litarudi? Baadhi huliharibu au kulitupa usiposema mapema kwamba unalitaka.

Kulituma

Piga hesabu kwanza. Gharama ya EMS, huduma ya posta ya haraka, kutoka Posta ya Kigoma kwenda na kurudi ikikaribia bei ya koti, simama hapo. Njia nafuu ni mgeni anayerudi kwao, akalipeleka dukani au kulituma kwa posta ya ndani. Mwombe siku za mwanzo za safari, asije akakuta begi limeshafungwa.

Ukituma kwa posta, fomu ya forodha ya CN22 ina kisanduku cha bidhaa zinazorudishwa. Kiweke alama, andika kwamba ni nguo iliyotumika inayokwenda kutengenezwa kwa waranti. Hifadhi nakala ya fomu, namba ya kufuatilia na picha ya koti. Likirudi utaonyesha forodha kwamba ni lile lile lililotoka. Ndani ya kifurushi weka karatasi yenye jina lako, namba ya dai na alama ya mshale kwenye kasoro. Koti bila karatasi hupotea ghalani.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi. Wakisema ni uchakavu, jibu mara moja tena kwa kipimo: tarehe ya kununua, mahali pa kasoro, kitambaa kizima pembeni yake. Ombi la pili likisomwa na mtu mwingine wakati mwingine hupita. Ukikataliwa tena, omba watengeneze kwa malipo, au wakutumie kichwa cha zipu au kipande cha kitambaa.

Muuzaji wa hapa asipojibu, peleka malalamiko FCC pamoja na risiti, mazungumzo na picha. Sheria ya Ushindani ya 2003 ndiyo inayoipa Tume kazi ya kumlinda mlaji. Mwandikie muuzaji kwanza kwamba ndiko unakoelekea, na umpe siku chache. Mara nyingi jibu huja hapo.

Fundi

Milango yote ikifungwa, sasa koti liende kwa fundi. Mpelekee uzi wa poliesta, maana wa pamba hunywa maji na kuoza. Mwambie afuate matundu ya mshono wa zamani, asifungue mapya, kwa sindano nyembamba. Kila tundu la sindano ni njia ya maji, kwa hiyo baada ya kushona paka gundi ya mishono upande wa ndani, tabaka jembamba, uache likauke usiku kucha. Utepe uliobanduka mara nyingine hushika tena kwa pasi ya moto mdogo kupitia kitambaa, sekunde chache kila mahali. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha pindo la chini, kisha rudia kipimo cha beseni kabla hujapanda boti.